Kumpata Prisepta wa Afya ya Akili Marekani: Mwongozo Kamili kwa Muuguzi Anayesomea PMHNP

Wauguzi wengi kutoka Kenya, Tanzania na Kongo wanaofanya kazi Marekani wamejiandikisha kusomea PMHNP (Psychiatric-Mental Health Nurse Practitioner, muuguzi mbobezi wa afya ya akili), masomo yanayomwezesha muuguzi kumpima mgonjwa wa akili, kutambua maradhi yake, kumpa tiba ya mazungumzo na kumwandikia dawa. Nadharia wanaimudu, hata wakiwa na zamu za usiku na watoto wadogo nyumbani. Wanakwama shule inapowaambia: sasa tafuta prisepta. Huyo ndiye mtaalamu mwenye leseni atakayekubali ukae naye kliniki miezi kadhaa, akuachie wagonjwa kidogo kidogo huku akikuangalia, akusahihishe, kisha atie sahihi saa zako. Asipopatikana, muhula unapita bure, na riba ya mkopo wa masomo haisubiri.

Ugumu huu una sababu zake. Shule nyingi za PMHNP hufundisha kwa mtandao na kupokea wanafunzi wa majimbo mengi, kwa hiyo katika mji mmoja wanafunzi wa shule mbalimbali wanagombea kliniki zile zile, na wanafunzi wa udaktari wamo humo humo. Prisepta mara nyingi halipwi chochote na shule. Kliniki nayo huingiza pesa kwa kila mgonjwa anayeonwa, na mwanafunzi anayeanza humpunguzia mwenyeji wake kasi. Ukishalijua hilo, utaelewa kwa nini barua nyingi hazijibiwi. Utaelewa pia kazi yako ni ipi: kumpata mtu mwenye sababu ya kukuamini, kisha kumwondolea kila usumbufu unaoweza kuondolewa. Mengine yote nitakayoeleza hapa yanatokana na hilo.

## Anza kabla hujalipa ada ya kujiandikisha

Swali la kwanza kwa shule yoyote ni hili: nani anamtafuta prisepta, ninyi au mimi? Watumishi wa udahili hupenda kujibu kwamba “tunakusaidia”. Usiishie hapo. Uliza msaada huo ni nini hasa. Je, kuna mratibu anayepiga simu kliniki kwa niaba yako, au ni orodha ya majina iliyopitwa na wakati? Nikikosa prisepta kwa wakati, nini kinatokea: naahirishiwa muhula, nalipishwa, au napoteza nafasi? Mnayo mikataba na kliniki zipi karibu na mji wangu? Omba majibu kwa barua pepe uyahifadhi. Shule inayokutafutia prisepta inaweza kuwa na karo kubwa zaidi, lakini ukihesabu gharama ya mihula iliyoahirishwa na ada za mawakala, mara nyingi ndiyo nafuu. Mimi ningeichagua hiyo bila kusita.

Swali la pili ni la jimbo. Shule ya mtandao inahitaji kibali cha kuwaweka wanafunzi wake kliniki katika jimbo unaloishi. Majimbo mengi yako ndani ya makubaliano ya NC-SARA yanayorahisisha masomo ya mbali, lakini si yote (California ilikaa nje kwa miaka mingi), na bodi za uuguzi zina masharti yake juu ya hayo. Jimbo la Washington, kwa mfano, hutaka programu za nje ziidhinishwe kabla mwanafunzi hajaanza kliniki humo, na New York ni ngumu kiasi kwamba shule nyingi za nje haziwapokei kabisa wakazi wake. Ukifikiria kuhama katikati ya masomo, uliza kuhusu jimbo unakohamia pia.

Hakikisha vilevile programu ina ithibati ya mojawapo ya mashirika yanayokagua shule za uuguzi, CCNE, ACEN au CNEA, kwa sababu bila hiyo hutaruhusiwa kufanya mtihani wa cheti.

Neno moja kwa walio na viza ya mwanafunzi, F-1: kliniki ya nje ya chuo ni mafunzo ya kazi hata kama hulipwi, na inaweza kuhitaji kibali cha CPT, yaani ruhusa ya mafunzo ya kazi yaliyo sehemu ya masomo. Zungumza na afisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwako kabla ya kukubali nafasi yoyote. Jambo hili likikosewa linagusa uhalali wako wa kukaa nchini.

## Jua unahitaji saa ngapi, na za wagonjwa gani

Viwango vya kitaifa vya elimu ya wauguzi wa ngazi hii, toleo la 2022, vinataka angalau saa 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja. ANCC, inayotoa cheti cha PMHNP-BC, hudai angalau saa 500 zinazosimamiwa na kitivo, pamoja na mafunzo katika aina mbili za tiba ya mazungumzo. Kitakachokubana zaidi ni idadi ya shule yako, kwa hiyo soma kitabu cha mwongozo wa kliniki cha programu yako mstari kwa mstari.

Sasa hesabu. Saa 750 ni takriban siku 94 za saa nane. Ukienda siku mbili kwa wiki katika muhula wa wiki 15, unapata saa 240. Mihula mitatu ya namna hiyo ni 720, bado pungufu. Ukiwa na kazi ya wakati wote, hesabu hii inakuambia mapema kwamba itabidi upunguze zamu au uzisogeze wikendi. Kliniki nyingi za afya ya akili hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, mchana. Anayeomba nafasi ya Jumamosi na Jumapili peke yake anajifungia milango mingi.

Cheti cha PMHNP kinahusu umri wote, kuanzia mtoto hadi mzee. Kwa hiyo prisepta mmoja wa watu wazima hatoshi. Utahitaji mahali pa watoto na vijana, na hapo ndipo wengi wanapohangaika zaidi, kwa kuwa wataalamu wa akili wa watoto ni wachache. Anza na huyo wa watoto. Wa watu wazima atapatikana baadaye kwa urahisi zaidi.

Soma pia shule inamkubali nani. Kwa kawaida ni PMHNP mwenzako aliyehitimu, daktari bingwa wa akili, au muuguzi mtaalamu wa ngazi ya juu wa afya ya akili. Shule nyingi hutaka awe amefanya kazi angalau mwaka mmoja na leseni yake iwe safi. Kwa saa za tiba ya mazungumzo, baadhi ya shule huruhusu mwanasaikolojia au mfanyakazi wa jamii mwenye leseni ya kutibu, kwa idadi yenye kikomo. Saa ulizofanya kwa mtu asiyekubalika hazihesabiwi, hata kama ulijifunza mengi.

## Kusanya mafaili yako mahali pamoja

Hapa nitapita haraka, lakini usipuuze. Tengeneza faili moja la kompyuta lenye leseni yako ya uuguzi ya jimbo ambako kliniki ipo, wasifu wa ukurasa mmoja au miwili, cheti cha BLS (mafunzo ya msingi ya kuokoa maisha), chanjo na vipimo vya kinga (homa ya ini aina ya B, surua, matubwitubwi na rubela, tetekuwanga, pepopunda na kifaduro, mafua), kipimo cha kifua kikuu, uchunguzi wa rekodi ya jinai, kipimo cha dawa za kulevya, na bima ya makosa ya kitaaluma. Kiwango cha bima kinachoombwa mara nyingi ni dola milioni 1 kwa tukio na milioni 3 kwa jumla. Shule nyingi huwakatia wanafunzi wake, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Weka pia malengo ya kozi na idadi ya saa unazohitaji.

Leseni ya pamoja ya majimbo, ile ya NLC, husaidia sana ukiwa karibu na mpaka wa jimbo jingine. California, New York na Minnesota hazimo kati ya majimbo yanayoitumia, na ndugu zetu wengi wako Minnesota, kwa hiyo mtu wa Moorhead anayetaka kliniki ng'ambo ya mto, Fargo, aangalie leseni yake mapema.

Chanjo za utotoni ulizochomwa Kisumu au Tanga bila kadi hazikubaliki kwa maneno. Pima kinga kwa damu. Ukikuta huna kinga ya homa ya ini, dozi zake zinaweza kuchukua miezi kukamilika, na kliniki haitakungoja.

## Mahali pa kutafuta

Sehemu hii ndiyo yenye utajiri, na wengi huianza kwa kinyume: wanawaandikia watu wasiowajua kabla ya kuwafikia wanaowajua.

Anza kazini kwako. Ukifanya kazi wodi ya akili, kuna PMHNP na madaktari wanaokuona kila siku ukimtuliza mgonjwa, ukigundua kwamba lithiamu imepanda mno kabla maabara haijapiga simu. Mtu huyo ameshakupima tabia. Shule nyingi hukubali ufanye kliniki kwa mwajiri wako mradi iwe idara nyingine au kazi tofauti, na mradi saa hizo hulipwi kama muuguzi wa zamu. Kama hufanyi kazi ya akili, fikiria kuhamia huko hata kwa zamu za akiba mwaka mmoja kabla ya kliniki. Utapata marafiki wa taaluma, na utaingia darasani ukiwa umeshaona mtu mwenye skizofrenia akianza kupata nafuu.

Njia ya pili watu wetu wengi wanayo mikononi na hawaioni. Wengi wetu tunafanya kazi, au tuna jamaa wanaomiliki, nyumba za matunzo: zile za watu wazima zilizojaa jimbo la Washington, nyumba za wagonjwa wa akili za Arizona, nyumba za walemavu Minnesota na Maryland. Nyumba nyingi za aina hiyo zina mtaalamu wa akili anayewaandikia wakazi dawa, na mara nyingi ni PMHNP anayekuja mwenyewe au kuonana nao kwa video. Wewe ndiye uliyempa taarifa ya usingizi wa mkazi, hamu yake ya kula, mikono inayotetemeka. Anakujua kwa sauti, na huenda kwa jina. Mwambie unasoma. Kama nyumba ni ya shangazi au shemeji yako, mwombe akutambulishe kwake kwa simu. Neno la mteja wa miaka mingi lina uzito kwa mtoa huduma yeyote.

Kisha wafikie wahitimu wapya. PMHNP aliyemaliza miaka miwili au mitatu iliyopita bado anakumbuka tabu ya kutafuta, na wengi wao huona haya kumkataa anayepita njia ile ile. Wako kanisani, msikitini, katika chama cha wauguzi wa jamii yenu, na katika vikundi vya WhatsApp vya Dallas, Lowell, Atlanta na Seattle. Usitupe ombi la jumla kikundini ukasubiri. Uliza nani amemaliza, kisha mtafute huyo mtu faraghani, kwa heshima anayostahili. “Dada, habari za siku nyingi. Nimesikia umemaliza PMHNP, hongera sana. Mimi naanza kliniki Januari, naomba nikupigie dakika kumi unishauri.” Kwa Mtanzania aliyekuzidi umri, anza na shikamoo. Ukimwomba ushauri kwanza, unampa nafasi ya kujitolea mwenyewe, na asipoweza atakutajia mwingine.

Ukishamaliza unaowajua, nenda kwa orodha za umma. Iliyo bora zaidi ni ya serikali kuu na haina malipo: rejista ya namba za NPI, yaani namba za utambulisho za watoa huduma za afya, npiregistry.cms.hhs.gov. Unatafuta kwa aina ya taaluma, jimbo, na mji au msimbo wa posta, na inakupa jina, anwani ya kazi na simu. PMHNP hutambulika kwa msimbo 363LP0808X, madaktari wa akili kwa 2084P0800X, na wale wa watoto na vijana kwa 2084P0804X. Baadhi ya anwani ni za zamani, kwa hiyo hakiki kila moja. Tovuti ya Psychology Today nayo ina orodha ya wataalamu wanaoandika dawa, pamoja na maelezo ya wagonjwa wanaowapokea. FindTreatment.gov inaonyesha vituo vya uraibu na afya ya akili. Jiunge pia na APNA, chama cha wauguzi wa akili, ambacho kina matawi ya majimbo. Kukutana na mtu ana kwa ana kwenye mkutano wa tawi kunazidi barua pepe nyingi.

Sehemu ambazo wanafunzi huzisahau, na mara nyingi zina nafasi: kliniki za methadoni na za uraibu kwa jumla, jela na magereza, nyumba za wazee ambako mtaalamu wa akili hupita mara moja kwa wiki, vituo vya ushauri vya vyuo vikuu, vituo vya matibabu ambako vijana hulazwa, vitengo vya dharura ya akili, na vituo vya jamii vinavyoitwa CCBHC, ambavyo kwa masharti yake hutoa huduma za aina nyingi chini ya paa moja. Hospitali za maveterani, VA, hufundisha vizuri sana na utaona kiwewe cha vita kwa upana wake, ila taratibu zao ni ndefu. Omba mwaka mmoja kabla. Vijijini nako usikudharau. Zaidi ya watu milioni 100 Marekani wanaishi katika maeneo yaliyotangazwa rasmi kuwa na upungufu wa wataalamu wa akili, na prisepta wa mji mdogo ulio mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwako anaweza kuwa hajaombwa na mwanafunzi yeyote mwaka huu.

Na kuna kliniki zinazohudumia wakimbizi. Kwa miaka kadhaa hadi 2024 Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi ya wakimbizi waliopokewa Marekani, wengi wao wazungumzaji wa Kiswahili waliokaa kambi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale. Wamebeba mambo mazito na mara nyingi wanasimulia kupitia mkalimani wa simu. Muuguzi anayemwelewa mama anaposema moyo unamwenda mbio na mawazo yamemjaa, na anajua kwamba huenda hapo anaeleza sonona, ana kitu ambacho kliniki haiwezi kukinunua. Liseme hilo katika barua yako. Sema pia kwamba utafuata utaratibu wao wa ukalimani, kwa sababu mwanafunzi hapaswi kufanywa mkalimani asiye rasmi na kunyimwa nafasi ya kujifunza.

## Namna ya kuomba

Anza miezi sita hadi tisa kabla ya muhula. Tengeneza jedwali: jina, kliniki, simu, tarehe uliyowasiliana, jibu, tarehe ya kufuatilia. Bila jedwali utamwandikia mtu yule yule mara mbili na kumsahau aliyesema “nitafute Septemba”.

Ujumbe uwe mfupi na ujibu maswali yote ambayo mwenye kliniki angejiuliza. Ukiuandika kwa Kiingereza, mambo yawe haya:

“Habari za asubuhi, Daktari. Mimi ni muuguzi mwenye leseni ya Maryland, nimefanya kazi wodi ya akili ya watu wazima kwa miaka sita, na sasa nasomea PMHNP. Natafuta prisepta wa watoto na vijana kuanzia 12 Januari hadi 24 Aprili, saa 240, siku mbili kwa wiki. Siku nitazipanga kufuata ratiba yako. Chanjo, bima na uchunguzi wa rekodi vimekamilika. Shule yangu itaandaa mkataba na fomu zote. Utakachoombwa ni leseni, wasifu na sahihi. Nimevutiwa na kliniki yako kwa sababu mnahudumia vijana wanaotoka hospitali, na hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuifanya. Naomba dakika kumi za simu wiki hii au ijayo. Wasifu wangu nimeuambatanisha.”

Angalia kilicho ndani: tarehe, idadi ya saa, siku, umri wa wagonjwa, na uhakika kwamba makaratasi si mzigo wake. Ombi linalosema tu “natafuta prisepta, tafadhali nisaidie” linamwachia msomaji kazi ya kuuliza yote hayo, naye hana muda.

Usiache sentensi ya kwa nini kliniki hiyo. Ninapokea maombi ya wanafunzi, na ninaona mara moja barua iliyotumwa kwa watu hamsini. Ya yule aliyesoma kliniki yetu inahudumia nani, hiyo ninaijibu hata nisipokuwa na nafasi.

Kliniki ndogo ifikie kwa simu au kwa miguu. Meneja wa ofisi na mtu wa mapokezi ndio wanaoamua barua ipi inamfikia mtaalamu, kwa hiyo waheshimu kama unavyomheshimu yeye. Nenda saa ambayo wagonjwa ni wachache, vaa kama mtu wa kazi, acha wasifu, uliza lini ni vizuri kupiga. Hospitali kubwa ni tofauti: huko kuna ofisi ya elimu au mfumo wa maombi, na daktari aliyekukubali koridoni hawezi kukuingiza bila wao. Pata ridhaa ya daktari, kisha peleka jina lake ofisini.

Usipojibiwa, fuatilia baada ya wiki moja, tena baada ya wiki mbili, kisha mshukuru na uende kwingine. Akikataa, uliza swali moja: kuna mwenzako unayefikiri anaweza kunisikiliza? Jina linalotolewa hapo lina thamani, kwa sababu sasa unaweza kuandika, “Daktari fulani amenielekeza kwako.”

## Pesa na mawakala

Kuna kampuni zinazokuunganisha na prisepta kwa malipo, na bei yake inaweza kufika maelfu ya dola kwa muhula mmoja. Kwa mtu aliyebakiza majuma machache na muhula unafungwa, inaweza kuwa njia ya mwisho. Lakini kabla ya kulipa hata senti, peleka swali kwa mratibu wa shule kwa maandishi: mnakubali prisepta wa kulipwa, na mnamkubali huyu? Shule nyingine zinakataza. Soma masharti ya kurudishiwa pesa prisepta akijiondoa au shule ikimkataa. Hakiki leseni yake mwenyewe kwenye tovuti ya bodi ya jimbo. Na usimtumie mtu pesa kwa Zelle au Cash App kwa sababu tu ameandika kwenye kikundi kwamba ana nafasi tatu zimebaki. Wanafunzi waliokata tamaa ni windo rahisi la matapeli, na pesa ikishakwenda kwa njia hizo ni vigumu mno kuirudisha.

Kuna vitu vya kumpa prisepta visivyokugharimu, na wengi wao hawavijui. ANCC huhesabu saa za kufundisha wanafunzi katika kuhuisha cheti chake kila miaka 5. Kiwango ni saa 120. Georgia, Maryland na Hawaii ni kati ya majimbo yaliyoweka nafuu ya kodi kwa maprisepta, kila moja kwa masharti yake, kwa hiyo soma ya jimbo lako kabla ya kumwahidi mtu. Shule nyingine hutoa cheo cha heshima cha mwalimu wa kliniki au kufungulia maktaba yao. Mpelekee barua ya uthibitisho wa saa alizokufundisha bila kungoja aiombe.

## Mkataba

Prisepta kukubali ni nusu ya safari. Shule na kliniki lazima zitie sahihi mkataba wa ushirikiano, na huu ndio unaoua mihula kimyakimya. Kliniki ya mtu mmoja inaweza kumaliza kwa wiki mbili. Hospitali yenye wanasheria inaweza kuchukua miezi, hasa wanapobishana na shule kuhusu bima na dhima. Siku ile ile uliyopata ndiyo, mwunganishe mratibu wa shule na mtu wa kliniki anayeshughulikia mikataba kwa barua pepe moja, wewe ukiwa kwenye nakala. Uliza hali yake kila wiki. Kama hospitali tayari ina mkataba na shule yako, umeokoa miezi. Ndiyo maana orodha ya mikataba ya shule inafaa kuombwa mapema.

Usianze hata siku moja kabla ya kibali cha maandishi. Ukianza, saa hizo hazihesabiwi, bima haikulindi, na mgonjwa naye halindwi.

## Mpime naye pia

Aliyehangaika miezi sita hushawishika kumshika yeyote. Hata hivyo uliza, kwa adabu: unaona wagonjwa wangapi kwa siku? Nitaanza lini kuwahoji mwenyewe? Unafanya tiba ya mazungumzo au dawa tu? Utakuwepo chumbani au karibu? Kwa kliniki za video, uliza wagonjwa wako jimbo gani, kwa kuwa leseni hufuata alipo mgonjwa, na uliza shule inaruhusu saa ngapi za namna hiyo.

Jihadhari na prisepta anayekuambia kwa utani kwamba atatia sahihi tu. Kuna wanaofurahia, wakaenda zao kazini wakajaza saa ambazo hawakufanya. Huo ni udanganyifu unaoweza kukupokonya leseni ya uuguzi uliyonayo. Zaidi ya hapo, baada ya mtihani utabaki peke yako na kijana wa miaka 17 anayesema hataki kuishi, mama yake amekaa pembeni anakutazama. Saa zile ndizo zilizokusudiwa kukufundisha la kumuuliza, lini umwache aende nyumbani, na lini usimwache.

Kama prisepta wako ni wa jamii yetu na anawahudumia watu wetu, zungumza naye mapema kuhusu siri. Jamii ni ndogo. Siku moja mlango utafunguka aingie mtoto wa jirani au mzee wa kanisa. Kubalianeni kwamba utatoka chumbani kabla hajaketi, isipokuwa mwenyewe aseme ubaki. Na usiandike chochote cha kliniki WhatsApp, hata bila jina. “Mama mmoja wa hapa Worcester mwenye watoto wanne” tayari anajulikana.

## Ukishaanza

Fika kabla yake. Wiki ya kwanza na ya pili angalia, andika, jifunze mfumo wa rekodi. Wiki ya tatu omba kumhoji mgonjwa mmoja anayerudi kwa dawa, kisha mwendelee kuongeza. Jizoeze kuwasilisha mgonjwa kwa dakika mbili: kilichomleta, kilichobadilika, hatari ya kujidhuru, unachodhani ni nini, unachopendekeza. Ukiweza hilo, unaanza kumwokolea muda badala ya kuula, na hapo ndipo maprisepta wengi husema, “Muhula ujao vipi, una mtu?”

Ingiza saa kwenye Typhon, au mfumo wowote wa shule yako, siku ile ile, na umwombe azithibitishe kila wiki. Usilimbikize hadi mwisho wa muhula; prisepta anaweza kuugua, kuhama au kuacha kazi, na saa zisizo na sahihi yake ni vigumu kuziokoa.

Kwa sababu hiyo hiyo, weka mtu wa akiba. Wale waliokujibu “muhula huu hapana” waandikie mistari miwili kila baada ya miezi miwili, uwaambie ulipofika. Prisepta akijiondoa katikati, mjulishe mwalimu wako wa kitivo siku hiyo hiyo kwa barua pepe, omba barua ya saa zilizokamilika kabla mtu hajaondoka ofisini, kisha fungua jedwali lako na upige simu kwa aliye juu kwenye orodha ya akiba. Kama ana mkataba na shule yako tayari, unaweza kuwa umerudi kliniki kabla ya mwezi kwisha.